Mvua ya Alhamisi Mlimani Vusekera

Saa tatu ya asubuhi, Alhamisi, Roger Elikia alifungua kile kisanduku cheupe chenye miguu minne, akasoma vipimajoto vyake viwili. Cha kwanza, kikavu, kilisema digrii kumi na sita. Cha pili, ambacho kichwa chake huvikwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kilisema kumi tu. Akaandika daftarini kwa bic ya buluu. Alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na moja, tangu Serikali ilipomtoa Kikwit, upande wa pili kabisa wa nchi, ikamweka peke yake juu ya mgongo wa mlima Vusekera, kati ya Butembo na Beni, aichunguze hewa. Baadaye Serikali ilimsahau. Roger hakuikumbusha, maana kukumbusha kulihitaji barua, barua ilitakiwa kupitia kwa chef wake, yaani mkuu wake wa kazi, na chef wake alikuwa amekwisha kufa.

Dakika tano baadaye mvua ilinyesha chini kidogo ya kituo, kwenye kona ya mwisho ya njia inayopanda kutoka Butembo. Ilinyesha juu ya mwanamke mmoja na shamba moja. Mwanamke alikuwa Jokébed Kasika, mjane wa mtaa wa Mususa, Butembo, na shamba lilikuwa lake mpaka mwaka juzi. Wingu lilitoka kichwani mwake alipofika kwenye kona ile. Halikuwa kubwa, lilimtosha yeye na matuta kama mia mbili ya puaro, vile vitunguu vya majani marefu vinavyopenda baridi ya milima yetu. Likanyesha likaisha, na Kasika akakamua kitambaa chake cha kichwa, akaendelea kupanda.

Roger alikwenda kusoma kipimamvua chake, kilichosimama ukingoni mwa shamba lile, akarudi.

"Milimita tatu, mama," alisema Roger, Kasika alipofika kituoni. "Hewa ya leo ilikuwa haina kitu. Hii yote njo ya kwako."

"Njo vile," alisema Kasika. "Pale kwenye kona kuko kaburi ya bwana yangu. Nikifikaka pale, siwezi."

Roger alimpa kigoda. Kwenye daftari lake kulikuwa na safu inayoitwa Chanzo, ambayo kwa miaka kumi na moja alikuwa ameijaza kwa maneno kama "wingu la kutoka kusini". Siku hiyo aliandika: Mama Kasika.

Habari ya shamba lile ni fupi na inachukiza. Edmond, mume wa Kasika, alilipata kwa mzee mwenye kilima kama watu wote wa huku walivyopata mashamba yao, kwa kumpelekea mbuzi kila mwaka na kumsalimia kwa adabu. Alililima miaka ishirini na miwili. Alipokufa alizikwa humo, kwenye kona ya juu, msalaba wa mbao ukitazama Butembo. Matanga yalikuwa hayajapoa vizuri alipotokea Papa Ananie Syauswa, mfanyabiashara mkubwa wa Butembo, mwenye maduka matatu na kiti chake mwenyewe mbele kanisani, akiwa na hati yenye mihuri minne. Hati ilisema kilima kizima ni chake, pamoja na mashamba ya watu arobaini. Ilikuwa imesainiwa tarehe ishirini na tano Desemba, siku ambayo bureau zote za Kongo, ofisi kubwa na ndogo, zimefungwa na hata askari wa barrière za barabarani wamelala. Watu walifukuzwa, puaro zikapandwa mpaka juu ya kaburi.

Kasika hakutaka kilima. Alitaka shamba lake, na akikosa shamba, basi ile kona ya kaburi, hatua sita kwa nne. Kesi za mashamba zilisikilizwa Beni, siku ya Ijumaa. Na kwa desturi ya kilima kile, mtu anayegombania shamba haendi mikono mitupu. Huingia humo kwanza, akachukua udongo kiganja kimoja, akaufunga kwenye jani la mgomba, akaubeba mpaka mbele ya mwamuzi, ili shamba lenyewe liwepo wakati linapozungumziwa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kwenda Beni kwa gari kupitia barabara kubwa. Ilibidi kupanda Vusekera, kupita shambani, na kushuka upande wa pili.

"Mama, bon, sikiya," alisema Roger, akigeuza ukurasa. "Umetoka Mususa umeshajaa maji. Mutu akipanda na maji, anapoteza digrii sita kila mita elfu moja. Kutoka kwenu mpaka hapa ni mita mia saba, donc kwenye digrii thelathini na saba ya mwili umepoteza ine. Sasa maji imebaki huku. Utashuka mukavu, na mukavu akishuka anapata digrii kumi kila mita elfu. Mpaka Beni ni elfu moja na mia tatu. Utafika na arobaini na sita."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Upepo nayo inafanyaka vile. Maji ikitoka, inakuachia joto yake."

Kasika alifikiri kidogo juu ya jambo hilo. Akaliona la kweli.

"Ile bureau inafungukaka saa ngapi?" aliuliza.

Alifika Beni jioni akiwa na digrii arobaini na sita, kama ilivyosemwa. Binamu yake Victoire, aliyempokea, alimkalisha kwenye kiti katikati ya nyumba, akatundika nguo za watoto kwenye kamba mbili, moja kila upande wake, na zote zikakauka kabla ya chakula. Victoire alishukuru sana, maana wiki ile ilikuwa ya mawingu.

Kesho yake chef de bureau ya mashamba, Madame Élise, ambaye ndiye mwamuzi, alimwambia akae kwenye benchi la mbao, si kwenye kiti kipya. Madame Élise alikuwa mtu wa Matadi, mwenye miwani na saini nzuri, aliyetumwa Beni kwa miezi sita, miaka saba iliyopita. Kasika alieleza habari yake yote. Karatasi za mezani zilianza kujikunja pembe, na Madame Élise akaziwekea jiwe juu bila kumkata maneno. Kasika alipofika kwenye kaburi alitaka kulia, akakunja uso, akashika tumbo, lakini macho yake yalikuwa makavu kabisa na hakuna kilichotoka. Aliona aibu.

"Mama," alisema Madame Élise kwa upole, "mutu mwenye alipoteza bwana na shamba analiaka. Wewe hapana lia. Wewe uko tu na hasira." Akaandika kwenye dossier, jalada la kesi: Mlalamikaji ni wa moto.

Kisha alifungua jani la mgomba ambalo Kasika alikuwa amelibeba kutoka shambani. Udongo ulikuwa umekauka mpaka ukawa vumbi, na upepo wa dirishani ukautawanya juu ya meza.

"Na hii udongo si ya Vusekera. Niko na bulletin ya météo hapa, ilifika jana kwa telefone. Vusekera ilinyesha milimita tatu. Udongo ya kule iko na maji. Hii yako mulitosha wapi, mama? Muliitoa kwenye barabara?"

Kasika alisema ni ya kule kule. Madame Élise alimwambia arudi siku nyingine na udongo wa kweli.

Wiki iliyofuata alirudi, na wiki ya tatu. Wale wengine waliofukuzwa nao walianza kupanda, wakiongozwa na Lusenge, mdogo wake marehemu Edmond, mtu mrefu mwenye kikohozi, ambaye alikuwa amepoteza matuta ya kabichi na usingizi. Ilifika wakati kila Alhamisi, saa tatu na dakika tano, watu arobaini walipita kwenye ile kona, kila mtu na wingu lake, na Roger akapima milimita kumi na mbili, kumi na tatu, mara moja kumi na saba. Katika safu ya Chanzo aliandika majina yote, mpaka yakajaa pembezoni. Chini, Beni, watu arobaini walishuka wakavu na wa moto, na jani moja moja la vumbi, na Madame Élise akaomba apewe ndoo ya maji ofisini kwa ajili ya usalama.

Shamba likastawi. Puaro za Papa Ananie zilinenepa hadi kufikia mkono wa mtu mzima. Wanawake wa soko la Beni walizigombania kwa sababu ya jambo moja zaidi: ukizipika huhitaji kutia chumvi. Zilitoka udongoni zikiwa nayo. Watu walisifu mbegu, wengine wakasifu mbolea, na wakubwa walikuja na magari manne kupiga picha. Mmoja wao alitoa hotuba kwamba Vusekera ni mfano wa kilimo kinachotegemea nguvu za wananchi. Alisema kweli bila kujua, jambo ambalo huwatokea wakubwa mara chache.

Papa Ananie hakuwa mjinga. Alikuwa amepanga kuung'oa ule msalaba wa Edmond, kwa kuwa ulichukua nafasi ya matuta mawili. Msimamizi wake alimwambia kwamba pale msalabani ndipo mvua inaponyesha kwa nguvu kuliko mahali pengine. Basi hakuung'oa. Aliupaka rangi nyeupe, akapanda maua mekundu chini yake, akaweka na benchi linaloutazama, ili wapita njia wasiwe na haraka.

Nitasema wazi kwamba rangi ile nyeupe ndiyo mbaya kuliko yote. Kasika alipoiona mara ya kwanza alifikiri kuna mtu amemhurumia. Alimshukuru Mungu kwa dakika nzima, akilia kwa furaha, na Roger akapima milimita mbili za ziada.

Jumapili moja baada ya misa, Roger alishuka mlima kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Alikuja na daftari lake mpaka Mususa, kwenye uwanja wa nyumba ya Kasika, ambapo wale arobaini walikuwa wamekaa juu ya mikeka na mbao. Aliwasomea hesabu yote, tangu milimita tatu za kwanza. Hakuna aliyeshangaa. Lusenge peke yake ndiye aliyetema mate pembeni.

"Basi yeye anakula puaro, na sisi njo mvua," alisema.

"Njo vile," alisema Roger. "Mimi niliona tu hesabu. Mukipanda bila kulia, maji haitabaki kule. Mutashuka nayo. Mutalilia mbele ya Madame, na udongo itafika na maji yake."

"Kupita pale bila kulia," alisema Kasika. "Papa Roger, weye hujapita pale na mutu wako ndani."

Mwalimu mmoja mstaafu kati yao alisema kwamba alipokuwa akifundisha, hakupata kuona mtoto aliyeweza kulia na kuzidisha kwa wakati mmoja. Wakakubaliana hivyo.

Alhamisi iliyofuata watu arobaini walipanda Vusekera wakikariri hesabu za kuzidisha kwa sauti, kama darasa la tatu. Kwenye kona ile kila mtu aliinama, akachukua udongo wake, akaendelea. Kasika alifika mbele ya msalaba mweupe akiwa kwenye saba. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa. Alimpita mume wake akisema saba mara nane, hamsini na sita, na hakugeuka. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya maishani, ukihesabu na mazishi yenyewe.

Kipimamvua kilikuwa kitupu. Roger aliandika sufuri.

Ijumaa hiyo Madame Élise alikuwa kwenye mission, safari ya kikazi. Ijumaa ya pili alikuwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu namna ya kuwasikiliza raia. Wale arobaini walirudi Butembo wakiwa wamejaa, wakapanda tena wakizidisha, na hawakumwaga hata tone. Mashavu yalivimba. Lusenge akitembea ulisikia maji yakicheza ndani yake. Kule kilimani puaro zilianza kuwa za manjano.

Ijumaa ya tatu Madame Élise alikuwepo. Waliingia wote, wakajibana ukutani, na Kasika akaanza kueleza. Alipofika kwenye kaburi, alilia. Wote wakalia. Walilia machozi ya Alhamisi tatu, kwa sauti ya chini na kwa heshima, maana walikuwa ofisini. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye droo ya chini, na dossiers za watu arobaini zikatoka zikaelea, wino ukiachana na karatasi. Hati ya Papa Ananie ilikuwa kwenye droo ya juu kabisa. Madame Élise aliweka miguu juu ya kiti kingine, akaendelea kuandika.

"Sasa naona muko na huzuni," alisema. "Ni muzuri. Mulete udongo."

Kasika akafungua jani lake. Udongo ulikuwa mweusi, wenye maji, wa baridi, wenye harufu ya mlima. Aliuweka mezani kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi aliamini kwamba atashinda.

Madame Élise aliugusa kwa ncha ya kalamu.

"Hii njo ya Vusekera kabisa," alisema.

"Ndiyo, Madame."

"Mulitosha ndani ya shamba ya Monsieur Ananie?"

"Ndani ya shamba yetu, Madame."

"Hati inasema ni ya Monsieur Ananie. Donc batu makumi ine, kila mutu kiganja moja, kila Alhamisi. Mama, ile ni wizi wa udongo. Wakati ulikuwa mukavu niliweza kusema si ya kule. Sasa siwezi tena kuwasaidia."

Kisha akatoa karatasi nyingine. Papa Ananie naye alikuwa amelalamika. Alikuja Beni kwa gari, kwa barabara kubwa, madirisha yamefungwa, na alifika na maji yake yote. Alilia mezani pale mpaka leso tatu zikaloa, kwa ajili ya puaro zake. Alikuwa ameleta nakala za bulletin za météo, ukurasa kwa ukurasa, zikionyesha kwamba kwa miezi mingi shamba lake lilipata mvua kila Alhamisi kutoka kwa watu wanaojulikana kwa majina, na kwamba mvua hiyo ilikatizwa ghafla, kwa makusudi, kwa njia ya hesabu.

Uamuzi ulisomwa siku hiyo hiyo. Wizi wa udongo ulisamehewa, kwa kuwa Papa Ananie ni mkristo. Dossiers za watu arobaini, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanikwa dirishani, zingebaki wazi, na siku moja zingesikilizwa tena. Ila ili dossier ibaki wazi, mwenyewe atapaswa kupita Vusekera kila Alhamisi saa tatu, kwa miguu, katika hali ya huzuni. Atakayekosa mara moja, dossier yake inafungwa. Ni marufuku kuzidisha njiani.

"Kwa hiyo bado iko wazi?" aliuliza Kasika.

"Iko wazi kabisa, mama," alisema Madame Élise, na alikuwa anasema kweli.

Huko juu Roger alipata barua kutoka kwa Serikali, ya kwanza. Ilimpongeza kwa usahihi wa vipimo vyake, ambavyo vilisaidia haki kutendeka, na ilimwomba safu ya Chanzo aijaze kwa neno moja tu: asili. Haikusema lolote juu ya kumrudisha Kikwit. Roger alilisoma neno hilo mara kadhaa. Tangu siku hiyo anaandika asili kwa bic ya buluu, na majina anayaandika kwa penseli, madogo, kwenye daftari lingine ambalo halitumwi popote.

Alhamisi iliyofuata Kasika alipanda. Alikuwa ameapa moyoni kwamba atapita mkavu, bila hesabu, kwa nguvu ya hasira peke yake. Kwenye kona alikuta msalaba umepakwa rangi upya. Akakaa kwenye benchi. Milimita kumi na nne.

Mwezi wa Desemba Papa Ananie, ambaye kwa maoni yake mwenyewe si mtu mbaya, alituma lori dogo Mususa na fungu moja la puaro kwa kila mlalamikaji, pamoja na salamu za Noeli. Wengine walizirudisha. Kasika alizitazama kwa muda mrefu, akaona mizizi bado ina udongo mweusi, akautoa udongo wote kwa kidole, akauweka kwenye kikombe juu ya kabati. Halafu alizikatakata, akazipika na maharage.

Lusenge alikuja kula. Alionja kijiko cha kwanza, kisha kwa mazoea tu akanyoosha mkono kuchukua kopo la chumvi katikati ya meza.

Kasika alilisogeza mbali.

"Hapana ongeza, shemeki," alisema. "Tulishaweka."